Mama Tishu: siku 10 ndani ya kikundi cha tiba

Kisa hiki nimekifinyanga kutokana na watu zaidi ya mmoja waliopita mikononi mwetu. Umri, kazi na mambo ya nyumbani nimeyageuza ili asitambulike mtu. Mwenendo wa tiba sikuugusa, wala kosa letu.

Jina la Mama Tishu alipewa na wenzake siku ya pili. Mkobani alikuwa na pakiti ya tishu, zile ndogo za mfukoni, na kabla chozi la mtu halijafika shavuni, yeye keshainuka, keshachomoa moja kwa vidole viwili, anampelekea. Kijana aliyekuwa akikaa karibu na mlango akatania, "Sasa tuna Mama Tishu wetu." Watu wakacheka, naye akacheka kuwashinda wote. Jioni hiyo niliandika kwenye daftari: "Amezoeana na kundi haraka. Vizuri sana." Kila nikiurudia mstari huo naona haya kidogo.

Mpango wetu ni wa siku 10 za kazi, wiki mbili mfululizo, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Watu ni 8, wawezeshaji 2 (mimi na mwenzangu anayenizidi uzoefu), na daktari wa magonjwa ya akili hupita mara mbili kwa wiki. Asubuhi kila mtu anasema amelalaje, kisha anaipa hali yake namba kati ya 0 na 10. Zinafuata shughuli: kila mmoja anapanga jambo dogo la kweli lenye saa yake, kama kutembea dakika 20 au kujibu ujumbe alioukalia wiki nzima. Katikati ya siku tunashughulika na mawazo yanayojiendesha yenyewe kichwani. Saa ya mwisho ni ya kukabiliana na kile ambacho mtu anakikwepa. Kila baada ya siku mbili mtu anapata nusu saa peke yake na mmoja wetu. Usiku wanalala kwao.

Sonona (wengine huiita unyogovu) na wasiwasi uliopitiliza tunavitibu katika chumba kimoja, kwa sababu mara nyingi vinakaa ndani ya mtu mmoja. Sonona hutazama nyuma na kusema nimeshindwa. Wasiwasi hutazama mbele na kuuliza itakuwaje. Wote wawili humfundisha mtu kukwepa. David Barlow, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walijenga tiba nzima juu ya hoja hiyo, kwamba hisia kali zina mizizi ya pamoja na hazihitaji kila moja kitabu chake, na sisi tumeazima mengi kwao.

Alivyofika

Alikuwa na miaka 46, mhasibu, mama wa watoto wawili wakubwa. Kwa miezi saba alikuwa akishtuka usingizini saa 9 usiku na kukaa macho hadi kunakucha, akipiga hesabu za mambo ambayo hayajatokea: kosa ambalo huenda amelifanya kwenye vitabu vya mwezi uliopita, mwanawe akikosa kazi, dada yake aliyenyamaza siku mbili. Asubuhi mwili ulikuwa mzito kama nguo iliyolowa. Kushona, ambako alikupenda tangu ujana, alikuwa amekuacha. Matembezi ya jioni na rafiki yake nayo yalikufa bila ugomvi, kwa udhuru mmoja mmoja, na kila udhuru ulikuwa na sababu nzuri.

Kazini hakuna aliyejua. Hajakosa siku hata moja hadi daktari alipomwandikia likizo. Wiki tatu kabla ya kuja kwetu alikuwa ameanza dawa za sonona, na alikuwa akizimeza kama alivyoelekezwa.

Siku ya kwanza alijaza madodoso mawili. PHQ-9 lina maswali 9 na alama zake huenda kutoka 0 hadi 27. Yeye alipata 18, na 15 hadi 19 huhesabiwa kuwa sonona iliyovuka wastani na kuukaribia ukali. GAD-7, la wasiwasi, mwisho wake ni 21. Alipata 16, na 15 kwenda juu ni wasiwasi mkali. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hapo aliweka alama kwenye "siku kadhaa".

Jibu hilo haliachwi likalala kwenye karatasi. Nilimuuliza waziwazi kama amefikiria kujiua, maana kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Akasema kuna usiku hutamani asiamke tu, basi. Hakuwa na mpango, hajawahi kujaribu, na daktari naye alipomhoji alifikia hapo hapo. Mtu mwenye nia na mpango wa kujiua hatumweki katika mpango wa kwenda na kurudi; huyo anahitaji jicho la karibu zaidi. Vivyo hivyo anayesikia sauti, au aliyepandwa na furaha na kasi isiyo ya kawaida. Kwa mama huyu tuliandika mpango wa usalama: dalili za kwamba hali inageuka, mambo anayoweza kuyafanya mwenyewe, vitu gani viondolewe nyumbani, na watu watatu wa kuwapigia simu usiku ukiwa mgumu.

Mistari hiyo mitatu aliijaza upesi kwa mwandiko wake wa kihasibu, ulionyooka kama umepigiwa rula. Nikamuuliza, "Mama, katika hawa, ni nani uliyewahi kumpigia ukiwa na shida?"

Akafikiri. "Wao ndio hunipigia, daktari."

(Mimi si daktari, ni mwanasaikolojia. Nilimweleza mara mbili, nikaacha.)

Nililiandika jibu lake, nikageuza ukurasa.

Wiki ya furaha

Siku tano za mwanzo zilikwenda vizuri hadi tukaanza kumtolea mfano. Alifika kabla ya wote. Shughuli alizopangiwa alizimaliza, na zaidi. Zoezi la mawazo alilielewa papo hapo, binti wa miaka 22, mdogo kuliko wote kundini, aliposema "mimi ni mzigo kwa kila mtu," ni Mama Tishu aliyemuuliza kwa upole, "Ushahidi wako ni upi, mwanangu? Na usio upande wako ni upi?" Swali lenyewe ndilo tunalofundisha. Mwenzangu alinitazama, tukatabasamu.

Ijumaa tukapima tena. Hapa niseme jambo ambalo wanaoendesha mipango ya namna hii hulipita haraka: PHQ-9 na GAD-7 huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Ukizirudia baada ya siku tano, nusu ya jibu ni ya wakati ambao mtu hajakanyaga mlango wako. Sisi huwaambia wajibu kwa siku za wiki hii tu, tukijua kabisa kwamba kipimo kilichochezewa si kipimo kilekile. Alama za Ijumaa nazisoma kama mtu anayesoma saa iliyotundikwa upande: naona zinaelekea wapi, dakika sizidai.

Sonona ilikuwa imeshuka kutoka 18 hadi 11. Wasiwasi ulikuwa 15. Siku ya kwanza ulikuwa 16.

Sonona kushuka kulieleweka. Peter Lewinsohn, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza miaka ya 1970 jinsi mtu aliyeshuka moyo anavyopoteza mambo yanayompa raha na maana, na jinsi kupotea kwake kunavyozidi kumshusha; ukimrudishia mwendo, saa ya kuamka, watu wa kusalimiana nao, mara nyingi hali hufuata. Sisi tulikuwa tumempa yote hayo. Tena tulimpa watu saba wa kuwahudumia. Na dawa zilikuwa zinatimiza wiki ya nne, wakati ambapo nyingi za aina hiyo huanza kuonyesha kazi. Sina namna ya kukwambia kila sababu ilichangia alama ngapi.

Ila wasiwasi kutotikisika kulinisumbua. Nikarudi kwenye daftari, nikaanza kuhesabu kitu ambacho sikuwa nimekihesabu: amezungumza mara ngapi juu yake mwenyewe. Katika siku tano, saa tano kila siku, nilipata mara tano. Mara zote tano ilikuwa asubuhi kwenye kutaja namba. "Nimelala vizuri kidogo, asante. Sita." Kisha akageukia aliyefuata.

Ni rahisi kusema tulilala usingizi. Lakini tulikuwa na sababu ya kitaalamu ya kulala. Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani ambaye watu wa fani hii humrudia mno, aliorodhesha mambo 11 yanayoponya ndani ya kikundi, na mojawapo ni kuwasaidia wenzako: mtu aliyejiona hana faida hugundua kwamba neno lake limemwinua mwingine. Nimeliona hilo likiwafufua watu. Kwa hiyo nilipomwona Mama Tishu akisaidia, nilidhani naona dawa ikifanya kazi.

Sikuuliza swali moja dogo: na asiposaidia, inakuwaje?

Ukuta

Paul Salkovskis, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliandika mwaka 1991 kuhusu vitendo vya kujikinga, vile ambavyo mtu mwenye hofu huvifanya ili balaa lisitokee. Mtu anayeogopa kuanguka hushika ukuta. Haanguki. Akifika nyumbani anaamini ukuta ndio uliomwokoa, na kesho ataushika kwa nguvu zaidi. Hofu haipati nafasi ya kukosolewa.

Tishu ilikuwa ukuta wake. Sikulijua hilo kwa hekima. Nilikisia tu, na kwa haraka ya mtu aliyegundua jambo nikaharibu.

Ilikuwa Ijumaa ileile, saa ya mwisho. Mzee mmoja, mstaafu, alikuwa akieleza jinsi alivyoshindwa kuingia chumba cha marehemu mkewe. Sauti ikakatika. Mama Tishu akainuka. Nikasema mbele ya wote, "Mama, naona kila mtu akilia unapata kazi ya kufanya. Nadhani unajificha humo."

Maneno yale yalikuwa kweli, na yalikuwa mabaya. Alisimama na tishu mkononi katikati ya duara. Mzee akaacha kulia kwa kumwonea huruma. Mama akasema, "Samahani," akaketi, akaikunja ile tishu mara nne hadi ikawa kama kidonge. Hakusema kitu tena hadi saa 8.

Baada ya hapo ikaja Jumamosi na Jumapili. Mpango mfupi una siku mbili katikati ambazo mtu hayuko nawe, na mimi nilikuwa nimempeleka kwenye siku hizo akiwa amechunwa ngozi.

Jumatatu hakuja.

Kwetu asiyefika hupigiwa simu ndani ya saa ya kwanza. Katika tiba ya wiki hadi wiki, kukosa mara moja unaweza kungoja. Katika siku 10, siku moja ni sehemu ya kumi ya tiba. Alipokea. Sauti ilikuwa safi kabisa. "Nina mafua, daktari. Sitaki kuwaambukiza." Hata kutoroka kwake alikugeuza kuwa huduma kwa wengine. Nilimuuliza kuhusu usiku wake, kuhusu mawazo ya kutoamka. Akasema yapo kama yalivyokuwa, hayajazidi. Nikamwambia, "Mama, Ijumaa nilikukosea. Nililokwambia lilistahili kusemwa tukiwa wawili, na kwa swali, si kwa hukumu." Kimya. Kisha: "Kesho nitajitahidi."

Mwenzangu hakufurahi, na hakunificha. Hoja yake ilikuwa nzito kuliko kosa la adabu. Alisema mtu mwenye sonona ambaye wiki moja tu amepata mahali anapojiona ana maana, ukimnyang'anya hapo, unambakisha na nini? Yeye angemwacha awahudumie wenzake hadi siku ya 10 na kulileta suala hilo baadaye, kwenye vikao vya ufuatiliaji. Mimi nilisema baadaye haitafika: nyumbani na kazini atarudi kwa watu wanaompenda kwa sababu hiyohiyo, na hakuna atakayemuuliza. Tulibishana hadi walinzi wakaja kufunga. Kwa muda wa kulisema nadhani yeye alikuwa sahihi. Kwa kulisema, nadhani mimi.

Karatasi, kisha pakiti

Jumanne alikuja, saa 3 kasoro. Nusu saa yake ya peke yake niliivuta ikawa ya kwanza. Safari hii nilichukua karatasi tupu na kuuliza tu. Mtu akilia karibu nawe, mwilini unahisi nini kwanza? Alishika shingo: "Hapa panabana." Kichwani kunapita nini? Alichukua muda. "Kwamba nisipofanya kitu, wataona." Wataona nini? "Kwamba sina kitu." Nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, nikachora mshale. Ukimpelekea tishu? "Panaachia." Mshale mwingine. Halafu? Akaitazama karatasi, mhasibu anayeona hesabu isiyokaa sawa. "Halafu nasubiri mwingine alie."

Duara lilikuwa limejifunga. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuchora mshale wa mwisho.

Tulipanga majaribio mawili. La kwanza lilikuwa la Jumatano: pakiti ya tishu ikae juu ya meza ndogo katikati ya chumba, kila mtu ajichukulie, na yeye abaki kitini. Kabla ya jaribio lazima utabiri uandikwe, tena uwe wa kitu kinachoweza kuonekana. Aliandika: "Watanitazama vibaya. Aliyelia hatanisemesha wakati wa mapumziko." Akauamini kwa asilimia 90.

Aliyelia Jumatano alikuwa yule binti wa miaka 22. Nilikuwa nimekaa mkabala na Mama Tishu, na dakika zile nne siwezi kuzisahau. Alishika kingo za kiti kwa mikono miwili. Kisigino cha kulia kilikuwa kikigonga sakafu. Mara mbili mwili uliinuka inchi moja na kurudi. Binti akalia, akajipangusa kwa mgongo wa mkono, akaitazama meza, akajinyooshea tishu mwenyewe, akaendelea kuongea. Akasema jambo ambalo hakuwa amelisema siku zote: kwamba nyumbani kwao mtu akilia huharakishwa anyamaze. Nikajiuliza ni mara ngapi tishu iliyowahi imemfunga mtu mdomo katika chumba chetu.

Wakati wa mapumziko binti alimfuata. Sikusikia waliyozungumza. Karatasi ilipofika mezani kwangu, 90 ilikuwa imekatwa, pembeni imeandikwa 40.

La pili lilikuwa gumu zaidi: Alhamisi aongee juu yake mwenyewe dakika tano, bila kumuuliza mtu swali, bila kumaliza kwa mzaha. Utabiri wake: "Watachoka. Mtu ataangalia saa." Michelle Craske, mwanasaikolojia anayechunguza hofu, na wanaofuata njia yake wanatufundisha kwamba lengo si hofu ishuke hapo hapo, lengo ni mtu ajifunze kitu kipya kuhusu kile anachokitarajia. Kwa hiyo hatukumpa pumzi za kutuliza, wala hatukumwambia itakuwa salama. Hatukujua kama itakuwa salama.

Aliongea. Habari ya saa 9 usiku, vitambaa vilivyokatwa na havijashonwa, na jinsi anavyokaa ndani ya gari dakika kumi kila asubuhi mbele ya ofisi akipanga uso. Dakika ya tatu yule mzee mstaafu akageuza mkono na kutazama saa yake.

Wote tuliona, naye akaona. Alisita, shingo ikaingia rangi. Ningeweza kumwokoa, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mwenzangu akanigusa goti. Mama akameza mate, akasema, "Mzee, umetazama saa," kisha akaendelea mahali alipoishia.

Alipomaliza, mzee aliomba radhi. Alikuwa na kidonge cha presha cha saa 7, na saa ilikuwa imepita. Kisha akasema, "Mama, huu ndio ule usemi, mganga hajigangi." Yule kijana wa mlangoni, aliyempa jina la Mama Tishu, alionekana kushtuka kweli. "Mimi siku zote nilidhani wewe ni mmoja wa wahudumu. Nilidhani umewekwa hapa."

Hakuna aliyemletea tishu. Alijichukulia.

Siku hiyo ilinifundisha kwa nini jaribio lililokwenda kombo kidogo hufaa kuliko lililofaulu lote. Kama kila mtu angemtazama kwa macho ya upendo, angeondoka akisema kundi hili ni la watu wema, na dunia ya nje si hivyo. Badala yake lile aliloliogopa lilitokea mbele ya macho yake, katikati ya sentensi, na sentensi ikaisha.

Ukali wa mpango ni wa nini

Watu huuliza kama mambo ya miezi yanaweza kubanwa ndani ya siku. Upo ushahidi wa kutia moyo. Anke Ehlers na wenzake nchini Uingereza walichapisha mwaka 2014 jaribio la tiba ya siku 7 kwa watu walioumizwa akili na mikasa, wakiilinganisha na tiba ileile ikitolewa kila wiki kwa miezi 3, na matokeo yalikaribiana. Lakini ile ilikuwa tiba ya mtu mmoja mmoja, na ugonjwa mwingine. Kwa upande wa vikundi, jaribio lililochapishwa 2003 katika vijiji 30 vya kusini-magharibi mwa Uganda lilionyesha sonona ikipungua sana kwa watu waliokutana kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji wasio matabibu waliopewa mafunzo mafupi. Hapo kikundi kilifanya kazi bila haraka yoyote.

Kwa hiyo mimi sitetei mpango mfupi kwa hesabu ya saa, kwamba saa 40 na kitu ni sawa na karibu mwaka mzima wa kikao kimoja kwa wiki. Tiba haipimwi kwa debe. Ninachokiona katika kisa hiki ni kitu kingine. Mtu hodari wa kujificha anaweza kuficha kwa saa moja kila wiki hata miaka miwili, na mtaalamu akamwandika kuwa mgonjwa mzuri. Saa tano kwa siku, siku baada ya siku, mbele ya watu saba wasiolipwa kumvumilia, maficho huchosha. Ujanja unaanza kuonekana kwa sababu unarudiwa mara nyingi mno. Pakiti moja ya tishu ni ukarimu. Ya nne katika siku tano ni dalili. Mimi niliiona ya nne kwa sababu tu nilikuwa chumbani kwa zote.

Na ukali huohuo ndio uliofanya kosa langu la Ijumaa liume vile. Mambo yakienda mbio, hata ubaya huenda mbio.

Baada ya siku ya 10

Alitoka kwetu akiwa na 9 kwenye sonona na 11 kwenye wasiwasi. Kwenye PHQ-9, kushuka kwa alama 5 au zaidi huchukuliwa kuwa badiliko la maana kitabibu. Yeye alishuka 9. Likizo ya kazi, dawa, kundi, na ile tabia ya mambo yaliyofika pabaya kujirudi yenyewe kidogo, vyote vimo ndani ya hiyo 9. Kisa kimoja hakina mizani ya kuvitenganisha.

Wiki ya sita alikuja kwenye ufuatiliaji na 13. Nilishtuka kuliko yeye. Kazini walikuwa wamempokea kwa shangwe na mafaili ya mtu aliyehama, na alikubali yote asubuhi ya kwanza. Pakiti ya tishu ilikuwa imerudi mkobani. Aliitoa mwenyewe na kuiweka mezani kama anayekabidhi kielelezo. Tulipaswa kuligundua hilo kabla hajatoka: siku ya kumi tuliitumia kushangilia, hatukufanya hata jaribio moja la kusema "hapana" kwa bosi. Tangu hapo siku mbili za mwisho tumezitoa chumbani. Mtu anapiga simu, anakwenda ofisini kwake nusu siku, anarudi na taarifa. Tumeongeza pia vikao viwili vya ufuatiliaji ndani ya mwezi wa kwanza, kwa sababu wiki sita zilikuwa mbali mno. Na kwenye karatasi ya kila siku, chini ya "Leo umefanya nini," tumeweka mstari unaosema "Leo umepokea nini." Wengi huuruka. Siku hizi huo ndio ninaoanza kuusoma.

Mwezi wa tatu alama zilikuwa 7 na 8. Daktari aliamua dawa ziendelee, kwa kuwa kuziacha mapema mara tu mtu anapojisikia nafuu kunaweza kuirudisha sonona. Anashona tena, lakini si kila wiki. Saa 9 usiku bado humwamsha siku nyingine. Yale mawazo ya kutoamka alisema hajayaona tangu wiki ya pili.

Tuliufungua mpango wake wa usalama ili kuuandika upya. Yale majina matatu ya mwandiko ulionyooka aliyapiga mstari yote. Juu akaandika jina la mdogo wake wa kike, ambaye alikuwa amempigia mara mbili usiku, mara moja bila sababu ya kueleweka. Chini yake akaandika la mfanyakazi mwenzake anayejua sasa kinachoendelea ndani ya gari kila asubuhi. Mstari wa tatu akautazama.

"Mume wako?" nikauliza.

"Bado," akasema, akanirudishia kalamu.